Mwandishi anakuja dukani Kigoma, tumpokeeje? Shangazi anajibu

Safari hii maswali ya vitabu vya kiada na ya mitihani nimeyaweka pembeni, nitayarudia toleo lijalo. Meseji nyingi zilizoingia zinauliza jambo moja tu, waandishi kuja kusoma kazi zao kwenye maduka madogo ya vitabu hapa kwetu mwisho wa reli. Jambo hili liko moyoni mwangu, niliuza vitabu Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, miaka kumi na moja kabla sijaanza kuandika hapa, kwa iyo mtanivumilia nikirefusha sehemu zingine.

*

*Shikamoo Shangazi. Nina duka la steshenari hapa Mwanga, nauza madaftari na vitabu vya shule, natoa fotokopi na kuprinti, afu nina shelfu moja ya riwaya na mashairi ambayo ndo naipenda kuliko vyote lakini haitembei. Mwezi wa pili nilialika mwandishi aje kusoma. Nikakodi viti 40, turubai na spika, nikaweka bango mlangoni, status nikaweka kila siku wiki nzima. Wakaja watu 7 na wawili kati yao ni wadogo zangu. Katikati ya shughuli mvua ikashuka, hakuna aliyesikia kitu tena. Mwandishi alikuwa mstaarabu hakulalamika ila mimi aibu niliyoona, mpaka leo sijampigia simu. Nirudie au niachane nayo? Labda watu wa Kigoma hatuna utamaduni wa kusoma.*
*Mwenye duka, Mwanga*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote mpigie huyo mwandishi, leo, usisubiri upate la maana la kumwambia. Mwambie asante, mwambie vilivyouzwa ni vingapi, vilivyobaki ni vingapi na hela yake unamtumia lini. Mwandishi kusoma mbele ya watu saba ni jambo la kawaida kabisa na hakukasiriki kwa hilo. Kinachouma ni mtu kukualika kwake afu akapotea.

Hilo la kwamba watu wa Kigoma hatuna utamaduni wa kusoma mi silikubali, na naomba usilirudie hata mbele ya wadogo zako. Pita Ujiji alasiri uangalie vibaraza vya kahawa, mtu mmoja anasimulia kilichotokea jana stendi na wenzake kumi na tano wameshika vikombe hata kunywa wamesahau. Panda treni ya Tabora usiku, kuna behewa zima linamsikiliza abiria mmoja mpaka Uvinza na akishuka watu wanasikitika hawajajua mwisho wake. Hamu ya kusikiliza tunayo tele. Ila kusomewa hatujazoea, mara ya mwisho mtu mzima kusomewa kitabu ilikuwa darasa la tatu, mwalimu yuko mbele na watoto wamekunja mikono, basi baada ya hapo hakuna tena. Wewe umeleta kitu ambacho wateja wako hawajakiona tangu utotoni na wakaja saba. Hao saba usiwapoteze, andika majina yao.

Sasa tarehe. Mwezi wa pili chini ya bati, mwanangu! Kwetu mvua inaanza Oktoba inaenda mpaka Aprili, miaka mingine Mei bado inanyesha, na mvua ikigonga bati hata uwe na spika nne mwandishi hasikiki. Shughuli yako ipeleke kiangazi, Juni mpaka Septemba. Na humo katikati kuna siku nzuri sana, 7 Julai, Sabasaba, watu wengi hawaendi kazini, na mwaka 2021 UNESCO waliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa iyo ukienda redioni ukawaambia siku hiyo nina mwandishi wa Kiswahili dukani kwangu wana sababu ya kukutaja hata bila tangazo la kulipia.

Saa nayo. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, jua linazama karibu saa moja jioni wakati Dar wameshawasha taa kitambo, na hiyo jioni ndefu ni mali, itumie. Anza saa kumi na moja. Walioswali alasiri wamefika, joto limepungua, na mpaka adhana ya magharibi una karibu masaa mawili mazima, ambayo yanatosha kusoma, kuuliza maswali, kununua na kusaini. Ukianza saa nane mchana watu wanaungua tu humo ndani, ukianza saa moja usiku akina mama hawaji. Na kabla hujatangaza angalia ratiba ya mpira, Simba na Yanga wakicheza siku hiyo ahirisha tu.

Kuna na mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Hili mtu wa mbali hawezi kukushauri. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi wanapumzika, sasa zile siku chache za mwezi mpevu ndo utawapata watu wa Kibirizi na Katonga wako nyumbani, wamelala usiku kama watu wengine, na akina mama wa kuanika hawana mzigo. Mi niliwahi kuweka usomaji siku tatu baada ya mwezi mpevu bila kujua chochote, nikashangaa wanaume waliojaa, wamevaa vizuri, ndo mmoja akanieleza mama umetuwahi, wiki ijayo tusingekuja hata mmoja. Tangu siku hiyo kalenda ya ziwa nikawa naiangalia kwanza.

Viti 40 ndo vilivyokutia aibu. Vingekuwa 12 watu wako 7 wangejaza chumba. Na turubai la nini mwanangu, waingize ndani katikati ya mashelfu yako, wabanane kidogo, macho yakichoka kumwangalia mwandishi yaangalie migongo ya vitabu. Hiyo shelfu yako isiyotembea, wawekee wakae nayo masaa mawili uone kama haitatembea. Spika kwenye chumba cha watu 20 haihitajiki, sauti ya mtu inatosha, na umeme ukikatika hakuna kinachoharibika.

Kuhusu kuwaita. Bango la mlangoni linasomwa na mtu ambaye anapita hapo kila siku, na status inapita kama gari la matangazo, mtu ameona lakini hajaona kwamba ni yeye anaitwa. Chukua daftari uandike majina ya wote walionunua kwako kitabu ambacho hakiko kwenye mtaala, hata kama ni watu 20, uwapigie mmoja mmoja. "Mwalimu, Jumamosi kuna mtu anakuja kusoma na mimi nimekuwekea kiti." Sentensi hiyo inaleta watu kuliko bango la mita tatu. Afu mwombe mwandishi arekodi dakika moja akisoma, sauti tu, aikate pale panapokuwa patamu, uitupie kwenye magrupu, la wazazi wa shule, la kwaya, la vikoba, la bodaboda. Mtu akishaisikia hiyo sauti na akaachwa njiani atakuja kutafuta mwisho wake.

Ukishapata tarehe mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima na ili asishangae kuona mkusanyiko. Ila hapo ndo pana mtego, na nakueleza kwa sababu ulinikuta mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu dukani nilipata mwandishi kutoka Dar, amekuja na reli, zaidi ya kilomita 1,200, ana boksi mbili za vitabu miguuni. Nikaona jambo kubwa kama hili haliwezi kwenda bila mgeni rasmi. Nikatafuta mgeni rasmi. Nikaweka meza kuu, kitambaa, maua ya plastiki, maji ya chupa. Watu walifika saa kumi, karibu 50, duka halijawahi kuona kitu hicho. Mgeni rasmi alifika saa kumi na mbili kasoro. Ikaanza utambulisho, kila aliyekaa meza kuu anamtambulisha aliyekuja naye, ikaja risala, ikaja hotuba fupi ya ukaribisho ambayo haikuwa fupi, ikaja hotuba yenyewe, yote inahusu umuhimu wa kusoma. Giza likaingia. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja wameinama kama wanaotoka msibani. Mwandishi alipopewa nafasi walibaki watu 14 na mshereheshaji akamwambia tafadhali dakika tano. Akasoma dakika nne. Alisoma vizuri ajabu, kipande cha mama anayemsubiri mwanae gatini, na mle ndani kulikuwa na mama mmoja wa Bangwe alianza kulia, mi nikamwona, na hapo hapo mshereheshaji akasema asante sana mwandishi wetu sasa ni zamu ya picha ya pamoja.

Miaka imepita na lile jambo bado linaniuma. Mtu kasafiri siku mbili na reli tukamsikiliza dakika nne.

Kwa iyo usiweke meza kuu. Mwenyekiti wa mtaa akija mpe kiti kizuri kati ya wasikilizaji, atasikiliza kama wenzake na wengi wao wakishakaa hivyo wanafurahi, hakuna anayependa kutoa hotuba kila Jumamosi. Wewe mwenye duka simama, karibisha watu kwa dakika mbili, sema jina la mwandishi na jina la kitabu na kwa nini wewe unakipenda, ukae chini. Asome dakika kumi. Mtu mmoja ambaye amekisoma kitabu chote, nasema chote, akae naye waongee robo saa. Asome tena dakika kumi kipande kingine. Hapo maswali ya watu, na swali la kwanza liandae wewe na mtu wako maana la kwanza ndo zito, likishatoka mengine yanakuja yenyewe. Anayesimama kuuliza akaanza kuhutubia, muulize kwa upole kaka swali lako ni lipi.

Vitabu vyake chukua kwa mali kauli, mkubaliane kabla hajapanda reli, mwandikishane. Tuseme kitabu kinauzwa 15,000 na mwandishi anataka 10,000 mkononi mwake, basi hiyo 5,000 ni ya duka na ndo inalipa kahawa na kashata, juisi usiweke kabisa karibu na vitabu. Meza ya kuuzia iwe mlangoni, chenji uwe nayo tangu asubuhi, lipa namba iandikwe kwa maandishi makubwa ukutani, na mtu wa kuuza asiwe wewe, wewe kaa na mgeni wako. Wakati wa kusaini kaa pembeni yake na kipande cha karatasi, muulize kila mnunuzi jina lake linaandikwaje, mwandikie mwandishi alione. Jina la mtu likikosewa ndani ya kitabu halifutiki, na mtu aliyeandikiwa jina lake sawasawa na neno Kigoma na tarehe, hicho kitabu hakiazimishi kwa mtu.

Rudia mwanangu. Rudia Julai, na wale saba uwe wa kwanza kuwapigia.

*

*Shangazi habari. Mimi ni mwandishi wa riwaya niko Kasulu, nimejichapishia kitabu changu mwenyewe nakala 300. Duka moja la Kigoma mjini limenialika kusoma. Sijawahi kusoma mbele ya watu zaidi ya kanisani somo la kwanza. Nisome wapi? Mwanzo wa kitabu? Na nikisoma watu wakasinzia?*
*Mwandishi, Kasulu*

Nzuri kaka, na hongera kwa 300, najua zimetoka mfukoni mwako.

Mwanzo wa kitabu mara nyingi ni mahali pabaya pa kusoma kwa sauti. Mwanzoni wengi wetu tunaeleza, kijiji kilikuwa hivi, ukoo ulitoka kule, babu alizaa nani na nani, na msomaji aliyekaa kwake na kitabu anaweza kurudi nyuma kuangalia huyu ni nani lakini anayesikiliza hawezi kurudi nyuma. Tafuta ukurasa ambao watu wawili wanaongea na kila mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hataki kutoa. Mke amekuta barua, mume amerudi bila nyavu, binti anaaga lakini haagi. Watu wasiwe zaidi ya watatu, majina yasifanane, kama kwenye kipande chako kuna majina mawili yanayokaribiana msikilizaji atapotea na atakaa kimya amepotea na wewe hutajua.

Afu ukishachagua, kata. Wewe ndo mwenye kitabu, hakuna aliyekukataza kuruka aya. Charles Dickens wa Uingereza alianza kusoma vitabu vyake mbele ya watu kwa malipo mwaka 1858, na mwaka 1867 akavuka bahari kwenda kusoma Marekani, kumbi zikajaa. Na huyo alikuwa anaandaa nakala maalumu za kusomea tu, anafuta mistari mingi, anaandika pembeni hapa nishushe sauti, hapa nifanye hivi. Kama yeye alikata maandishi yake mimi na wewe ni nani tuone uchungu wa aya moja ya mawingu. Piga fotokopi kurasa zako uzikuze herufi, weka mkwaju mwekundu kila unapotaka kuvuta pumzi, pigia mstari neno ambalo lazima lisikike.

Ukurasa mmoja ukisoma kwa utulivu unachukua kama dakika mbili na nusu mpaka tatu. Kwa iyo dakika kumi ni kurasa nne hivi na sio ishirini. Usikisie, weka saa ya simu, soma kwa sauti nyumbani mbele ya mtu, na huyo mtu usimuulize ilikuwaje maana atakwambia nzuri. Muulize akusimulie amesikia nini. Pale anapokosea kusimulia ndo pale hapasikiki, rekebisha.

Somo la kanisani limekufundisha kutamka, hilo ni jambo zuri, lakini somo la kanisani linasomwa kwa sauti moja kuanzia juu mpaka chini kwa sababu ni la wote na msomaji anajificha. Hapa usijifiche. Mtu wako kwenye kitabu akinong'ona wewe punguza sauti, wataegemea mbele kukusikia, na mtu aliyeegemea mbele hasinzii. Akinyamaza nawe nyamaza, hesabu moja mbili tatu moyoni. Ukimya wa kwanza utakutisha, utahisi ni mwaka mzima, kumbe ni sekunde tatu na chumba kizima kiko na wewe. Sauti za kuigiza usizidishe, huyu bibi mzee huyu mtoto, isije ikawa maigizo ya shule.

Kitu kingine kaka, usianze kwa kuomba msamaha. Nimesikia waandishi wengi sana, "samahani mimi sio msomaji mzuri", "kitabu chenyewe ni kidogo tu", na mimi nikiwa nimekaa pale nimetoa nauli yangu kuja namsikitikia kwa sababu amekipunguza kitabu chake mwenyewe kabla hakijafunguliwa. Sema sentensi mbili za kutuweka sawa, yuko nani na yuko wapi, anza kusoma. Na uishie pabaya, maana yake uishie pale mlango unagongwa na hatujui nani anagonga. Funga kitabu. Wale wanaotaka kujua watakuja mezani.

Maji yawe ya vuguvugu. Kahawa usinywe kabla, inakausha koo.

*

*Shangazi, je ni sawa duka kutoza kiingilio kumsikiliza mwandishi? Sisi ni vijana watatu tumefungua duka la vitabu karibu na soko la Mwanga, kodi inatulemea, wateja wanasema mambo ya vitabu hayatozwi.*

Ni sawa kabisa wanangu, na hakuna dhambi. Paris kulikuwa na duka dogo linaitwa Shakespeare and Company, dada mmoja Mmarekani Sylvia Beach alilifungua mwaka 1919, lilikuwa na jina kubwa lakini katikati ya miaka ya 1930 hali ikawa mbaya akawa anataka kufunga. Waandishi wenyewe, André Gide akiwa mbele, wakaunda chama cha marafiki wa duka mwaka 1936, mwanachama analipa faranga 200 kwa mwaka na anapata haki ya kuhudhuria waandishi wakisoma humo dukani. Wakasoma watu kama Paul Valéry na T. S. Eliot, na Hemingway ambaye hakupenda kusoma hadharani naye akasoma. Duka likaendelea mpaka 1941, lilipofungwa wakati Wajerumani wameikalia Paris.

Mi ningewaiga hapo hapo, kwenye uanachama. Kiingilio cha mlangoni kwetu kinamrudisha yule mama aliyekuwa anapita tu akavutiwa, na huyo ndo tunayemtaka. Lakini marafiki wa duka 25, kila mmoja anatoa kiasi kidogo kila mwezi kama mnavyotoa kwenye kikoba, wanawekewa kiti cha mbele na kitabu kimoja kwa punguzo, hiyo inawalipia sehemu ya kodi na wale wengine wanaingia bure. Waandikieni mapato na matumizi wayaone, karatasi moja ukutani kila mwezi. Pesa ya watu ikionekana inaongezeka.

*

*Mimi ni kijana wa Ujiji naandika mashairi, sina kitabu, nina madaftari matatu na simu. Duka la vitabu linaalika wenye vitabu tu. Sisi je?*

Mwambie mwenye duka akupe dakika tano kabla ya mgeni, na wewe ukipewa tano tumia nne. Ushairi wetu ulikuwa unaghaniwa kabla ya kuchapwa, na wewe wa Ujiji unatoka mahali pa Saadani Kandoro, mshairi na mwanasiasa wa TANU, mashairi yake yalifika kwa watu kwa masikio kabla hayajakaa kwenye jalada. Ngonjera zile mlizosimamishwa nazo shuleni mgeni akija, Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, ndo waliozisambaza, na ni kitu kizuri mno cha dukani, watu wawili wanabishana kwa beti huku wengine wanashika kibwagizo. Tafuta mwenzako mmoja. Njoo na shairi moja umelijua kichwani, sio tano kwenye simu unaskroli watu wanakusubiri.

*

*Shangazi tulikuwa na mwandishi dukani kwetu Kibondo, baada ya siku tatu nikakuta kitabu chake kimepigwa fotokopi chote kinauzwa kwa bei ya soda mbili. Tena imetolewa kwenye mashine ya jirani yangu. Nimwambie mwandishi au ninyamaze kwa ujirani?*

Mwambie mwandishi, na kabla hujamwambia nenda kwa jirani yako ukiwa peke yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kutoa fotokopi ya kitabu kizima na kuiuza ni kosa na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa kazi hiyo. Lakini jirani wa fotokopi wengi wao wanaletewa kitabu na mteja, wanabonyeza tu, hawajawahi kumwona mwandishi wa kitabu hata mmoja. Mweleze kwamba yule dada aliyekaa hapa Jumamosi ndo mwenye jasho lake. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, hapo mwandishi ana haki ya kwenda mbele na wewe usimfiche ulichoona. Na safari nyingine mwalike huyo jirani, mkae naye.

*

*Shikamoo Shangazi. Naishi Gungu na bibi yangu ametokea Buhigwe, ana miaka mingi sana, hakusoma shule na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, anaongea Kiha. Ananiona navyotoka Jumamosi kwenda duka la vitabu kusikiliza, juzi akaniuliza huko mnaenda kula nini. Nikamwambia tunasomewa hadithi. Akakaa kimya afu akasema, na mimi? Sijui nifanyeje, naona kama atakaa pale haelewi na watu watamwangalia.*
*Mjukuu, Gungu*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Nenda kwa mwenye duka katikati ya wiki, sio siku yenyewe, mwombe mambo mawili. La kwanza, mwandishi akimaliza kipande chake cha kwanza mtu asimame dakika mbili akisimulie kwa Kiha, na huyo mtu anaweza kuwa wewe, husomi neno kwa neno, unasimulia tu kama unavyomsimulia bibi nyumbani. Mle ndani wenye Kiha cha nyumbani watakuwa nusu ya chumba na hawatakasirika, niamini, watacheka kabla hujamaliza na watakurekebisha. Mwandishi naye atafaidi, hajawahi kusikia hadithi yake ikitoka kwenye mdomo mwingine.

La pili, maswali yakifika, bibi aulizwe. Asiulizwe ameonaje, hilo ni swali la watu wa shule. Aulizwe, bibi kwenu Buhigwe jambo kama hili likitokea wazee walikuwa wanafanya nini. Na akianza kuongea msimkatize, hata kama ratiba imebana, mwenye duka akiangalia saa mwambie Shangazi ndo amesema. Mwandishi ambaye ni mwandishi kweli atatoa kalamu.

Mpeleke mapema kabla viti havijajaa, mchukulie bajaji msitembee na jua. Kiti chake kiwe mbele karibu kabisa na anayesoma aone mdomo, na kanga ya magoti usisahau, jioni upepo wa ziwa unapanda.